Pedali ya ovadraivu niliyoiunda inatoa sauti hafifu inayokatika: kosa liko wapi?

"Nimeunda pedali ya ovadraivu (kifaa cha mguuni kinachotia ukali sauti ya gitaa) kwa kufuata mchoro wa Tube Screamer, pedali maarufu ya aina hiyo, kwenye bodi yenye mistari ya shaba. Pedali ikiwa imezimwa, gitaa linasikika vizuri. Nikiiwasha, taa ya LED inawaka lakini sauti inakuwa hafifu, yenye mikwaruzo, na noti inakatika ghafla kabla haijafifia yenyewe. Nikizungusha nobu ya draivu kupita nusu, unaanza mluzi. Nimebadilisha IC (chipu) ya 4558 mara mbili, kisha nikaweka diodi za jemaniamu badala ya zile za silikoni, 1N4148, kwa sababu niliambiwa diodi ndizo zinazomeza sauti, lakini hali ni ile ile. Nilipopima kwa multimita, mguu wa 8 wa IC ulisoma volti 8.9, mguu wa 4 sifuri, mguu wa 3 volti 0.8, na mingine yote ilikuwa chini ya volti 2. Je, IC ninazouziwa ni bandia? Nijaribu adapta ya volti 18 ili pedali ipate nguvu? Tena, nikigusa nyuzi za gitaa mvumo unapungua. Je, kuna hatari ya kupigwa na umeme?"

Ndugu msomaji, jibu la sehemu kubwa ya swali lako limo ndani ya vipimo ulivyochukua mwenyewe. Una hofu kwamba umeuziwa IC bandia na kwamba pedali imepungukiwa nguvu. Mimi katika vipimo hivyo sioni dalili ya IC mbovu wala ya umeme haba. Ninachokiona ni kwamba ile volteji ya nusu ambayo saketi nzima huiegemea haiko mahali pake: ilipaswa kuwa karibu na volti 4.5, na kwako imekaa kwenye 0.8. Hata ukiweka IC ya tatu na ya nne, zote zitatenda kama zile mbili za kwanza, kwa kuwa kila moja itapewa volteji ile ile iliyopotoka.

Umeme unaotoka kwenye gitaa ni wimbi linalopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, mara nyingi katika kila sekunde. Opampu (chipu inayokuza mawimbi ya umeme) kama 4558 huhitaji nafasi pande zote mbili ili iweze kulifuata wimbi hilo linapopanda na linaposhuka. Betri ya volti 9, hata hivyo, ina sifuri na chanya tu. Upande wa hasi haupo. Ndiyo maana waundaji wa pedali hutengeneza katikati ya bandia: rezista mbili za kiloomu 10 hufuatana kutoka kwenye volti 9 hadi ardhi ya saketi, yaani upande wa sifuri, na pale zinapokutana hupatikana volti 4.5, huku kapasita ya mikrofaradi 47 ikiituliza isiyumbe. Kutoka hapo volteji hiyo husambazwa: rezista ya kiloomu 510 huipeleka kwenye besi (mguu wa kudhibiti) ya transista ya kuingilia, rezista ya kiloomu 10 huipeleka kwenye mguu wa 3 wa IC, na nyingine huipeleka kwenye nusu ya pili ya IC na kwenye transista ya kutokea. Wimbi la gitaa basi hupanda na kushuka likiizunguka 4.5, na kila upande lina nafasi ya kutosha.

Sasa iweke katikati hiyo kwenye volti 0.8. Ni kama bembea iliyofungwa karibu mno na ukuta: inapokwenda mbele iko huru, ikirudi nyuma inagonga. Tena 4558 haiwezi kufanya kazi hadi kwenye kingo za umeme wake. Inataka nafasi ya volti moja na nusu au mbili hivi kutoka kila ukingo, kwa hiyo kwenye 0.8 IC yako imelala nje ya eneo lake la kazi. Transista ya kuingilia nayo inahitaji kama volti 0.6 ili ifunguke, hivyo inabakiwa na akiba ndogo sana. Unapopiga uzi kwa nguvu, kilele cha wimbi kinafanikiwa kupenya, nawe unasikia mkwaruzo. Noti inapoanza kufifia, kilele kinashuka chini ya kizingiti, na hakuna kinachopita tena. Hiyo ndiyo sababu noti yako inakatika badala ya kuzimika polepole, na dalili hiyo ndiyo ya kwanza kumwelekeza fundi wa pedali kwenye volteji ya nusu, hata kabla hajafungua kasha.

Tarakimu yenyewe ya 0.8 inasema jambo zaidi. Kama rezista ya juu, ile inayotoka kwenye chanya, ingekuwa ya kiloomu 100 badala ya 10, volteji ya katikati ingekuwa 8.9 mara 10 gawanya kwa 110, yaani 0.81. Sidai kwamba nimeiona bodi yako, lakini hesabu inalingana na kipimo chako kiasi kwamba ningeanza hapo. Rezista ya kiloomu 10 yenye mikanda minne ina kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa. Ya kiloomu 100 ina kahawia, nyeusi na njano. Zile za mikanda mitano ni mtihani zaidi: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu ni 10, na kahawia, nyeusi, nyeusi, chungwa ni 100. Juu ya mwili wa buluu na chini ya taa ya manjano, nyekundu na chungwa hufanana sana, na wazoefu hawaziamini rangi hizo bila kuzipima.

Toa betri, chomoa adapta, subiri kidogo kapasita ziishiwe na umeme, kisha weka multimita kwenye kipimo cha omu na upime rezista hiyo bila kuitoa kwenye bodi. Hapa kuna kanuni inayoondoa wasiwasi mwingi: rezista iliyo ndani ya saketi inaweza kusomeka chini ya thamani yake, kwa sababu umeme wa multimita hupata njia nyingine za kando, lakini baada ya namba kutulia haisomeki juu yake. Nasema baada ya kutulia kwa sababu kapasita iliyo karibu hujaa polepole na namba hupanda inapojaa, ngoja isimame. Rezista inayotakiwa kuwa ya kiloomu 10 ikisoma 60 au 90, basi umempata mkosaji na huna haja ya kuendelea kutafuta. Ikisoma 10 au chini yake, itazame kapasita ya mikrofaradi 47. Mstari uliochorwa ubavuni mwake unaonyesha mguu hasi, na mguu huo lazima uende kwenye ardhi ya saketi. Kapasita ya aina hiyo ikigeuzwa huvujisha umeme na kuivuta volteji ya nusu chini. Dalili yake ni namba inayohamahama kila unapopima. Ibadilishe kabisa hata kama ukiigeuza inaonekana kupona, maana iliyokwisha kuteswa hivyo haitabiriki.

Kama vyote viwili ni vizima, basi shuku bodi yenyewe. Katika bodi ya mistari ya shaba, kila mstari unaopita chini ya IC unaunganisha mguu wa upande mmoja na wa upande wa pili: wa 1 na wa 8, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6, wa 4 na wa 5. Mistari yote minne lazima ikatwe katikati. Mara nyingi mkato huonekana kamili kwa jicho la kawaida, kumbe kwenye ukingo umebaki unywele mmoja wa shaba unaopitisha umeme kama waya mzima. Ishike bodi mbele ya taa, uitazame kwa kioo cha kukuzia, kisha upitishe ncha ya kisu chembamba kati ya mstari na mstari ili kuondoa matone ya lehemu yaliyoungana. Kiungo chenye rangi ya kijivu kilichofura kama tone juu ya shaba, bila kuishika, kiyeyushe upya kwa lehemu mpya kidogo.

Ukirekebisha, pima tena. Mguu wa 8 usome karibu na 9, wa 4 usome sifuri, na mingine yote sita ikae jirani na 4.5. Usishtuke besi ya transista ya kuingilia ikisoma volti 3 tu: multimita za bei nafuu zina ukinzani wa kama megaomu 1, na kwa kuwa volteji hapo hufika kupitia rezista ya kiloomu 510, multimita yenyewe huishusha wakati wa kupima. Na kama uliweka transista mbadala wa 2SC1815, hakikisha mpangilio wa miguu. Ukiitazama kwa upande wake bapa, miguu ikiwa chini, 2SC1815 huanza na emita, kolekta, kisha besi. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Na BC547 ni kolekta, besi, emita. Michoro mingi haisemi hili, na pedali nyingi zilizoundwa nyumbani hulala kimya kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu diodi, aliyekwambia kwamba humeza sauti hakukosea kwa kila pedali, ila kwa hii yako amekosea. Zipo pedali, MXR Distortion+ ikiwa mojawapo, ambazo diodi zake zimewekwa baada ya opampu na kuelekezwa ardhini. Humo diodi iliyoungua ikawa kama waya kweli inaizamisha sauti yote. Katika Tube Screamer diodi zimo ndani ya njia ya kurudishia, ile inayorudisha sehemu ya sauti iliyokuzwa kutoka mguu wa 1 hadi wa 2. Ukuzaji wa sehemu hiyo ni moja kujumlisha ukinzani wa njia ya kurudishia uliogawanywa kwa kiloomu 4.7. Nobu ya draivu ikiwa chini kabisa unapata 1 jumlisha 51 gawanya kwa 4.7, yaani kama mara 12; ikiwa juu kabisa, 551 gawanya kwa 4.7 jumlisha 1, kama mara 118. Wimbi linapokua hadi kufikia volti 0.6 hivi, diodi za silikoni hufunguka, ukinzani wa njia ya kurudishia huporomoka, na ukuzaji hushuka ghafla kwenye vilele tu. Lakini tazama ile "moja" iliyo mwanzoni mwa hesabu: haiondoki kamwe. Hata diodi zote mbili zikiungua zikawa waya mtupu, ukuzaji unashuka hadi 1, na gitaa litapita kwa nguvu yake ya asili bila mikwaruzo. Ndiyo sababu ovadraivu ya aina hii inasifiwa kwa kuacha mguso wa mpigaji usikike chini ya ukali, na ndiyo sababu pia diodi zako hazikuweza kuleta ugonjwa ulionao.

Ningependa uzirudishe 1N4148 kwa sasa, zikiwa zimeelekeana kinyume, mstari wa moja upande huu na wa nyingine upande ule, ili pedali iwe kama mchoro unavyotaka na uweze kulinganisha vipimo. Ikishafanya kazi, jaribu upendavyo. Jemaniamu hufunguka kwenye volti 0.3 hivi, kwa hiyo hukata mapema na pedali hutoa sauti ndogo zaidi, iliyobanwa. LED nyekundu mbili hufunguka karibu na 1.8, zikatoa sauti kubwa na ya wazi. Kwa masikio yangu tofauti hizo ni za kweli, ingawa ni ndogo kuliko zinavyotangazwa, na kapasita ya mikrofaradi 0.047 iliyo pamoja na ile rezista ya 4.7 hubadilisha sauti kuliko diodi yoyote. Viwili hivyo huamua kwamba masafa yaliyo chini ya hezi 720 yakuzwe kidogo kuliko yaliyo juu, na hapo ndipo hutoka ile sauti ya katikati inayopita kama ya puani. Ukiweka 0.1 mahali pa 0.047, mpaka unashuka hadi kama hezi 340 na besi inaongezeka. Angalia tu maandishi: 473 ni 0.047, na 474 ni 0.47, mara kumi zaidi, ambayo itakupa besi yenye matope.

Juu ya IC bandia: zipo sokoni, sikatai. Hata hivyo 4558 ilikuwa chipu ya kawaida kabisa iliyojaa kwenye vifaa vya sauti vya miaka ya 1970 na 1980, na ya kisasa kutoka kwa mtengenezaji yeyote anayeeleweka itafanya kazi hii vizuri. Hekaya za chipu ya zamani yenye sauti ya dhahabu zinauza chipu kuliko zinavyoboresha sauti. Kama bado una shaka, ziweke IC zako mbili kwenye soketi, moja baada ya nyingine, volteji ya nusu ikishakuwa sawa. Kipimo cha miguu kitakwambia papo hapo.

Adapta ya volti 18 usiiguse. Kwa kosa ulilonalo ingeipandisha katikati hadi kama 1.6 tu, bado pembeni mwa ukuta. Hata kwenye pedali nzima haitakupa ukali zaidi, kwa kuwa vilele hukatwa na diodi na si na umeme wa adapta. Hatari yake ni dhahiri zaidi: kapasita za elektroliti, kama ile ya mikrofaradi 47, zilizoandikwa volti 10 au 16 zinaweza kufura na kupasuka. Tumia volti 9 zilizotulizwa, na kama adapta ni ya kawaida ya pedali, kumbuka kwamba katikati ya plagi yake ni hasi. Adapta za vifaa vingine vingi ni kinyume.

Tukija kwenye mluzi, usiuwinde kabla ya kurekebisha volteji, kwani huenda ukatoweka wenyewe. Ukibaki, jua kwamba pale draivu ilipo juu, sehemu ya kwanza inakuza zaidi ya mara 100, na kiasi kidogo tu cha sauti ya kutokea kikirudi kwenye waya wa kuingilia kinatosha kuizungusha saketi mpaka ipige kelele peke yake. Punguza sauti ya gitaa hadi sifuri. Mluzi ukikoma, njia yake inapita kwenye waya wa kuingilia au hata hewani kati ya spika na pikapu, kwa hiyo sogea mbali na amplifaya kabla hujailaumu bodi. Usipokoma, ondoa adapta uweke betri; ukikoma hapo, adapta ndiyo inayoleta kelele, hasa kama inalisha na pedali za dijitali. Ukiendelea hata kwa betri, fungua kasha na utazame nyaya. Waya wa kuingilia na wa kutokea usiende sambamba, na zile za potenshiometa (rezista inayozungushwa na nobu) ya draivu ziwe fupi kadiri inavyowezekana, kwa kuwa zinaishia kwenye mguu wa 2 ambao ni mwepesi kunasa kila kitu. Kisha tafuta kapasita ya pikofaradi 51 iliyo sambamba na diodi. Ni ndogo, watu huiona ya mapambo wakairuka, na kazi yake ni kuzima ukuzaji wa masafa ya juu ambako mluzi huzaliwa. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa 8 na wa 4, karibu kabisa na IC, nayo husaidia. Mwisho funga kasha la alumini na uhakikishe limeunganishwa na ardhi ya saketi, maana pedali iliyo wazi mezani hunasa kelele ambazo ndani ya kasha haizisikii.

Ikitokea vipimo vyote viko sawa na sauti bado haitoki, tengeneza kichunguzi: kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyolehemewa mwishoni mwa waya unaoingia kwenye amplifaya, na ardhi yake ikibanwa kwenye ardhi ya pedali. Kapasita huzuia zile volti 4.5 na kupitisha sauti pekee. Punguza sauti ya amplifaya, mwenzako apige gitaa, nawe uguse saketi hatua kwa hatua: jeki ya kuingilia, emita ya transista, mguu wa 3, mguu wa 1, mguu wa 7, nobu ya sauti. Kosa liko kati ya hatua ya mwisho uliyosikia sauti na ile ya kwanza uliyoikosa.

Kama umekwisha kulehemu na kuondoa mara nyingi hadi mistari ya shaba inabanduka kutoka kwenye bodi, hapo ushauri wangu hubadilika. Unaweza kuiziba kwa vipande vya waya, lakini kila kiungo kipya ni mahali papya pa kosa, na rezista, diodi na potenshiometa zinahamishika. Bodi iliyochapishwa tayari ingekuokoa saa nyingi. Ukipenda kubaki na ya mistari, sawa, ila iandae upya yote badala ya kuitia viraka. Na kama lehemu haikai kila ujaribupo, kaa saa moja na fundi wa redio au simu akuonyeshe joto na pembe ya kulehemu. Ni stadi ya mkono ambayo maandishi hayafundishi vema.

Kuhusu nyuzi: mvumo kupungua unapozigusa ni jambo la kawaida. Mwili wako unanasa mvumo wa umeme wa nyumba kama antena, na ukigusa nyuzi zilizounganishwa na ardhi, mwili nao unashikwa na ardhi hiyo. Pedali ya volti 9 haiwezi kukupiga. Lakini ukihisi mchomo au ganzi vidoleni ukigusa nyuzi, au midomo ikichomwa na maikrofoni huku umeshika gitaa, hilo halitoki kwenye pedali. Mara nyingi ni amplifaya au waya wa ardhi wa jengo. Acha kupiga, zima umeme ukutani, kisha uchomoe, na umwite fundi umeme mwenye sifa akague soketi na amplifaya kabla ya kuchomeka tena. Amplifaya yenyewe usiifungue, hasa ya vali, kwa kuwa ndani yake kuna mamia ya volti ambayo kapasita huweza kuyahifadhi hata baada ya kuchomolewa.